Chungu cha Mzee Mwakyoma

Jumatano, Machi 1915

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu.

Kidonda cha mzee Mwakyoma kilikuwa kimeanza kufunga, tena si kwa dawa ya daktari Mjerumani, ni kwa chakula. Hapa hospitalini mgonjwa hulishwa na ndugu zake, na wanawe wote wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita. Amebaki Tupoke, mke wa mwanawe. Kwetu mkwe haonani kabisa na baba mkwe, kwa hiyo alikuwa akiacha chungu cha ndizi na samaki nje ya uzio, nami, mhudumu wa wodi, nikimwingizia mzee.

Juma lililopita nilikuwa nimechoka. Nikamkemea: "Ingia umpe mwenyewe! Hapa ni hospitali."

Akaingia. Mzee akajifunika uso.

Tangu hapo hajala. Leo nimempigia magoti.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru, bila hasira. "Lakini umenivunjia heshima mbele ya mkwe wangu. Nile ili iweje?"

Kama ningetembea tu zile hatua chache...

Jioni nimemgeuza kitandani kwa mkono mmoja tu, jinsi alivyokuwa mwepesi kwa njaa. Tupoke alikuwa bado nje ya uzio, akingoja chungu kirudi kitupu.