Jogoo wa Radhi

Makambako, Jumapili

Kaka Hilari,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba baridi ya hapo kwenu Yakobi isiwe imemrudishia wifi Konsolata kile kifua chake, na watoto wawe wazima. Mimi sijambo. Mahindi yanatoka sokoni, kwa hiyo nakula, hilo usiliwaze.

Kaka, nimesikia ulichofanya. Umebeba jogoo mpaka Mjimwema, kwa Dokta Abel, msimamizi wangu wa chuo aliyekuja kwao likizo, ukamwomba radhi kwa niaba yangu. Kwetu jogoo wa radhi akipokewa, kosa limekubaliwa. Kosa lipi? Hata simu hukunipigia!

Unajua ninavyonunua mahindi: nachoma chuma cha bambo guniani, punje zinatoka, naona yaliyomo. Protoni, kile kijipande cha kiini cha atomu ninachokisomea, ni gunia lisilotoa punje. Wataalamu ng'ambo waliirushia elektroni kwa nguvu, wakapima kila moja ilichepuka vipi. Kazi yangu ni kupiga hesabu kutokana na vipimo hivyo, niseme mwendo wa protoni umegawanyika vipi kati ya vijipande vyake viitwavyo kwaki na gluoni zinazozishikilia pamoja. Kwaki zinabeba kama nusu tu. Gluoni, elektroni haizioni. Tunazikadiria kwa jinsi picha ya kwaki inavyobadilika ukizidi kupiga kwa nguvu.

Sasa vipimo vingine vilikataa kukaa kwenye mchoro wa Dokta wa mgawanyo huo. Akaniamuru nivifute, eti vinachafua. Nikamuuliza kama mtambo ulikosea. Akasema mchoro ulishapitishwa na wakubwa, na muuza mahindi asimfundishe fizikia. Nikamjibu kwamba hapa sokoni, anayechambua punje mbovu kwenye bambo kabla mnunuzi hajaona huitwa mwizi, sijui kwenye fizikia anaitwaje.

Akavifuta mwenyewe, kisha akaweka jina langu chini ya lake kwenye makala aliyopeleka jaridani. Nilikataa hilo, Kaka, na hilo ndilo uliloliombea radhi. Sasa anatangaza kwamba hata ukoo wangu umekiri. Jirani yangu wa sokoni, Mama Shamimu, alicheka mpaka akakaa chini, akauliza tangu lini jogoo akasahihisha hesabu.

Hili la mwisho hujalisikia. Ijumaa nilikwenda Mjimwema, nikapita Yakobi bila kubisha hodi kwako, maana nilikuwa na hasira. Nilimwambia Dokta mbele ya mkewe kwamba sikuomba radhi, nikadai jogoo wetu. Walishamla. Nikawatakia afya njema. Kisha nikawaandikia wahariri wa jarida waliondoe jina langu, nikaambatisha hesabu zenye vipimo vyote. Kwa hiyo msimamizi sina, na shahada mwaka huu haipo. Najua ulishawatangazia jumuiya sherehe. Waambie mdogo wako amekataa.

Natafuta msimamizi mwingine. Huenda na mchoro wangu ukaja kukataliwa na vipimo vipya. Siku hiyo nitaufuta mchoro, si vipimo.

Msalimie wifi sana, wabusu watoto. Ukitaka kunigombeza, njoo mwenyewe; ugali upo.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na radhi ya kuomba,
Oktavia