Kabla Sijamwita kwa Jina Lako

Mama,

Leo ni Ijumaa, siku ya maandalio. Nimepika mapema kama ulivyonizoeza, nimepiga pasi gauni la mtoto, na jua bado liko juu. Ndiyo, mama, nimesema mtoto. Nimejifungua msichana, mzima wa afya, analia kama mtu anayedai haki yake, na kesho anawekwa wakfu kanisani hapa Magwagwa. Nakuandikia kwa sababu watu wote wanafurahi na mimi nimekufa ganzi, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka ile Ijumaa kule kwetu Nyamarambe, lori la majani chai lilipochelewa? Tulikuwa tumechuma tangu umande, vikapu vimejaa, wanawake wamekaa kituoni wakilaumu barabara. Jua likaanza kuinama. Ukasimama, ukajipangusa sketi, ukasema, "Sabato haingojangi lori." Jirani alitaka akupimie majani yako, ukakataa, maana kuuza kwa mkono wa mwingine pia ni kuuza. Tukaenda nyumbani, tukaoga, tukaimba. Jumapili tuliyakuta yameharibika, hayafai kitu. Wewe uliyamwaga, ukaosha vikapu. Mimi ndiye niliyenuna siku nzima.

Watu walikusifu kwa subira, lakini mimi nakujua. Subira yako ilikuwa kwa Mungu tu. Ndizi ulizifunika ziive, kisha ukazionja kila jioni zikiwa bado zinanata mdomoni. Mvumilivu hula mbivu. Wewe ulikula hata ngumu. Ila kwa habari ya mtoto wangu hukuyumba. Miaka yote niliyokaa kwa mume wangu bila kushika mimba, majirani wakinitazama tumbo kabla ya kunisalimia, ulikuja na ndizi kwenye kiondo, ukapiga magoti sebuleni kwangu hata kabla ya kunywa maji. Nilipokuuliza utamwomba Mungu hadi lini, ulinijibu, "Wewe ngoja tu. Nyasae hana saa kwa mkono."

Kisha presha ikakuangusha shambani, na hukuamka. Siku tulipokuzika kando ya migomba nilitapika nyuma ya nyumba, na mashangazi wakasema ni kulia sana. Nilikuwa tayari nimembeba, mama. Mimi sikujua, na wewe hukujua.

Mama mkwe ndiye aliyempokea tulipotoka hospitali. Akamwangalia weee, akaniambia, "Mimi bado niko, siwezi toa jina. Mpatie ya mamako. Amerudi." Unaijua desturi yetu: mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Kwa hiyo ungekuwapo, huyu angeitwa jina lingine kabisa, na wewe ungempakata. Ningechagua hivyo, kama ningeulizwa. Kanisani wananishika mkono, "Umeona vile wakati wa Mungu ni mzuri?" Najibu amina. Hasira sina, afadhali ningekuwa nayo. Namnyonyesha, namwogesha, namfunika, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Na sijamwita kwa jina. Nani humwita mamake kwa jina? Nasema tu "mtoto". Naona linamuuma mume wangu. Kesho mchungaji atauliza anaitwa nani, na mzazi wa kujibu ni mimi.

Sijaacha kuamini. Naomba asubuhi na jioni, maneno yanatoka, ila hayana joto. Siku mtoto alipolia mara ya kwanza nilidhani nimemaliza somo la kungoja. Kumbe bado. Sasa nangoja kufurahi, na hakuna wa kuja na kiondo kunipigia magoti. Naomba mwenyewe, kwa maneno yako yale yale, kwa kuwa mengine siyajui.

Mchana huu, mtoto akinyonya, nilifunga mlango nikajaribu. Nikasema, "Kemunto." Ni mara ya kwanza kulitamka maishani mwangu. Mtoto aliacha kunyonya, akaniangalia. Mimi nilikuwa nimegeuka kuangalia mlangoni, kama utaingia.

Ulinifundisha kwamba wafu wamelala, hawasikii lolote hadi Bwana atakapowaamsha, na hilo nalishika. Lakini kesho nikilisema jina hilo mbele ya watu, kama kuna namna yoyote unasikia, tafadhali usiitike. Mwachie yeye.

Lala salama, mama.

Binti yako,
Mama Kemunto