Nimepuliza Tangi Mbele ya Wageni

Mwenzangu uko wapi? Usicheke. Leo kazini nimeaibika mpaka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unalijua lile tangi letu la kioo? Lile tunalozamisha vifaa vya umeme mkubwa ndani ya kimiminika ili visiungue. Kinatakiwa KICHEMKE! Mvuke ndio unaobeba joto. Miaka miwili naimba wimbo huo huo: kikichemka ndipo kinapopoza.

Sasa leo wamekuja wakaguzi. Wakikataa, mradi unafungwa. Bosi kapandisha umeme mpaka mwisho, kimiminika kikaanza kutokota. Mapovu yakapanda, yakapanda, yakagusa mfuniko.

Sijui nini kilinipata. Mkono ulienda wenyewe. Nikafunua mfuniko NIKAPULIZA. Fuuu! Kama uji unaofurika.

Nikapuliza!! Mimi, mhandisi wa upozaji, na koti langu jeupe!

Mvuke wote ukatoka, king'ora kikalia, mitambo ikajizima. Bosi ananitazama kama nimevua nguo.

Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniambia taratibu, "Binti, ungepunguza moto kwanza."

Ngoja, bado. Mkuu wao muda wote alikuwa anaandika kwenye daftari. Akainua kichwa, hana hata tabasamu: "Na huyu dada akienda likizo, nani anapuliza?"

Bosi, bila kupepesa macho: "Tunapuliza kwa zamu."

Mwenzangu, WAMEPITISHA. Jumatatu nafundisha idara nzima kupuliza.