Kanda Mikononi mwa Mtani

Jumatatu, 4 Agosti
Uji, kufagia, halafu kumsikiliza mume wangu. Siku ya kumi na mbili ya ndoa na bado napenda hata anavyokohoa. Kinanda chake cha betri kimekaa juu ya meza. Sisi tunakula mkekani. Kinapiga ngoma na zumari chenyewe, Shabani anarap juu yake, kiitikio anaimba kama asali. Ila chumbani tu. Mbele za watu anaganda. Kanda imekamilika, nyimbo tatu. Ijumaa jirani anaipeleka Dar, kwenye ile redio mpya ya binafsi. Nakala ni hiyo moja.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeharibu. Bi Tatu wa dagaa alikuja kutupongeza. Yeye Mnyamwezi, sisi Waluguru. Mtani huyo, ruhusa zote anazo. Akaniuliza, mumeo anapenda nini kuliko wewe? Mjinga mimi, nikajigamba: "Ile kanda!" Akaitumbukiza kifuani, akaondoka anacheka.

Jumatano, 6 Agosti
Shabani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mtani hashtakiwi wala hanyang'anywi. Alichochukua kinakombolewa, na Bi Tatu hataki pesa. Anataka Shabani avae kanga yangu, aende mezani kwake sokoni Mwembesongo, aimbe kanda nzima. Shabani kasema bora ipotee. Nimelia jikoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Ameenda! Aliamka tu akasema, "Lete kanga." Nyekundu, ya harusi. Mimi nikabeba kinanda. Mezani kwa Bi Tatu akashika pindo, macho chini. Ngoma ya kinanda ikapiga peke yake. Bi Tatu akapaza sauti: "We Mluguru, umemeza ndizi na maganda yake? Imba!" Soko zima likacheka. Shabani naye akacheka, na sauti ikatoka. Wimbo wa pili wauza nyanya wanaitikia. Katikati ya wa tatu betri zikafa. Nikadhani tumekwisha. Wakampigia makofi, mdundo uleule, akaendelea. Sijawahi kumwona mzuri hivyo, hata siku ya ndoa. Bi Tatu akatoa kanda. "Shika, mtani. Redio wakikukataa, waambie Mwembesongo tumeshakubali."

Ijumaa, 8 Agosti
Kanda imeondoka asubuhi. Hatujui watasemaje. Ukungu umeshuka mlimani mpaka Bigwa, nyumbani kwetu. Kinanda hakina betri. Shabani yuko uani anafua kanga yangu, imeshika harufu ya dagaa. Anaimba ule wa tatu. Majirani wamesimama njiani. Amewaona, na haachi.