Vinu vya Nyangoto

Mwita,

Marahaba. Leo sikuiti mume wangu kama siku zote, maana umeniudhi. Huku Mbalibali mvua imenyesha, na shangazi yako Bhoke amejifungua salama mtoto wa kike.

Sasa hili lako. Unataka tuuze ng'ombe aliokuachia marehemu baba yako, ununue hisa za kampuni ya ng'ambo inayotengeneza flashi za kutunzia picha. Umeandika mwenyewe kwamba wengine wanaleta vifaa vipya vya kutunzia, halafu unaniuliza, "Kwani Bibi, watu wataacha kutunza picha zao?"

Swali hilo lilishaniliza. Dhahabu ilipopamba moto Nyangoto, babu yako aliuza maksai wetu wa kulimia akanunua vinu vya chuma vya kutwangia mawe, awakodishe wachimbaji. Nikamwambia kuna watu wanaleta karasha, mashine ya kusaga mawe hayohayo. Akanifokea: "Wewe mwanamke, watu wataacha kuponda mawe ya dhahabu?"

Hawakuacha. Karasha lilisimikwa jirani na vinu vyetu, na wachimbaji wakawa wanapita na viroba vyao mbele yetu, wanatusalimia kwa adabu, wanaenda kusaga. Msimu uliofuata, wa jembe la mkono, sikusimulii.

Ng'ombe ni wako, Mwita. Ila usiniulize kama watu watatunza picha. Niambie kwa nini watazitunza kwa huyo wako, si kwa yule mwingine. Ukinijibu, nitawafungua zizini mwenyewe.

Kinu kimoja tulichorudi nacho bado kipo uani. Mbwa hunywea maji humo.

Bibi yako,
Ghati