Sufuria Yako Imerudi, Mama

Mama,

Sufuria imerudi. Naanzia hapo kwa sababu najua ungeniuliza hiyo kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Iko hapa mlangoni, nimeiinamisha juani ikauke, na Neema wangu anaipiga na mwiko kama ngoma ya kanisa. Ungekuwa hapa ungemwambia, "Wewe, hiyo si ya kuchezea, hiyo ni ya watu." Mimi nimemwacha apige. Nimechoka, Mama. Na kelele yake inanizuia kulia.

Kuna jambo lingine, na tafadhali usinikasirikie kabla sijamaliza. Nimemtaja Emase mbele ya watu. Mtoto wako wa mwisho, yule uliyekuwa ukimfichia ukoko wa ugali. Nilisimama nyumbani kwa mzee Osia wa nyumba kumi, mchana kweupe, Neema mgongoni, nikasema mwizi ni ndugu yangu. Mama mdogo hajanisalimia tangu siku hiyo. Huenda huko uliko umeshaambiwa na wengine. Nataka uisikie kwangu.

Unakumbuka siku uliyoileta hii sufuria kutoka Malaba? Mwenye boda alikataa kuibeba, akasema ni kubwa kuliko pikipiki yake. Ukashuka barabarani hapo Adungosi ukaivaa kichwani mpaka nyumbani, na watoto wakakufuata wakiimba, "Mama Skola amevaa kofia ya askari!" Ulicheka mpaka ukaishika na mikono yote isianguke. Ulisema hutaki tena kuona msiba ambapo watu wanapika kwa zamu katika visufuria vya chai. Tangu hapo hakuna matanga ya jirani ambayo haikuenda. Ilitangulia hata padri.

Halafu ukakaa chini na msumari na jiwe. Wewe na alama zako! Mpini wa jembe uliuchoma na chuma. Kuku uliwafunga vitambaa vya sare yangu ya shule kwenye bawa, mpaka nikaona aibu kupita kijijini, kuku wote wamevaa sketi yangu. Na sufuria ukaichora unyayo wa kuku, mkubwa, ubavuni, kila mtu auone. Kisha ukaigeuza, ukachora mwingine mdogo sana chini ya mkono wake wa kushikia, mahali ambapo jicho halifiki, mpaka upapase. Ukasema, "Ule wa nje ni wa majirani. Huu ni wetu." Emase ndiye aliyekuwa ameishikilia isitikisike. Mimi nilikuwa napepeta mahindi pale karibu. Hatukuwa na mtu mwingine.

Nakumbuka pia vile ulivyokuwa baada ya matanga, vyombo vikirudishwa. Mtu akikuletea sufuria isiyo yako, unaigeuza mara moja tu unamwambia, "Huyu ni mgeni, mrudishe kwao. Mimi nataka mtoto wangu."

Basi siku ya kukuzika, Mama, ilipika chakula chako. Sijui kama mtu anaruhusiwa kusema hivi, lakini nilipoiona jikoni imejaa wali, wanawake wanaikoroga na mti, nilikuona wewe hapo zaidi ya pale kwenye jeneza. Baada ya watu kula iliondolewa, ikaoshwa, ikawekwa ndani ya nyumba yako. Kisha tukaenda wote kaburini. Wote. Na mlango tukauacha wazi, kwa sababu nyumba yenye msiba haifungwi. Hivyo ndivyo mlivyotulea. Tuliporudi tukiwa na udongo miguuni, mahali pake palikuwa na alama ya maji tu sakafuni.

Iliyopikia misiba ya kijiji kizima ikaibiwa kwenye msiba wako.

Sikusema kitu. Unajua hatudai vyombo mpaka wazee wamalize matanga. Nilijiambia imechanganyika na za wengine, itarudi, mtu ataigeuza aone unyayo. Nikangoja kama mjinga. Wakati nangoja, Emase alikuwa amekaa mkeka mmoja nami, anakula, anapokea pole za watu.

Matanga yalipoisha, watu wakaona sufuria haipo, maneno yakaanza. Jina likawa moja tu, Okiru wa boda. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya wale kuku aliowaiba zamani. Wewe mwenyewe ulimsamehe kuku wako, ukamwambia alete manyoya angalau utengeneze mto. Lakini kijiji hakikusahau. Jembe la mtu likipotea, Okiru. Nguo ikianguka kwenye kamba ikaliwa na mbuzi, Okiru. Na Mama, Okiru ndiye aliyechimba kaburi lako. Aliingia humo shati limevuliwa akatoka mwekundu kwa udongo, na hakutaka hata soda. Wakati tunakuimbia alikuwa anashika kamba ya kukushusha. Niliwaambia hivyo. Wakaniambia, "Skola, wezi wana mbio." Vijana wakawa wanasema kwa sauti, bila kuona haya, kwamba safari hii hawatampeleka kwa chifu.

Nikawa naogopa hata kuitaja sufuria. Niliona nikisema neno moja tu juu yake, nimemuua mtu.

Halafu nikaenda Malaba. Siku hizi nachoma njugu, nazifunga kwa vikaratasi, nawauzia madereva wa trela wakiwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Wanakaa hapo mpaka wanachoka na maisha, kwa hiyo wananunua. Neema wamemzoea, kuna taniboi mmoja, msaidizi wa dereva, anamwita boss. Siku hiyo jua lilituchoma nikaenda kukaa kwenye kivuli cha mama mmoja anayepika maharage ya madondo na chapati pale kando, wanamwita Mama Junior. Nikaona madondo yanachemka.

Mama, niliijua kabla sijaikaribia. Niliijua vile inavyokaa motoni, imeegemea kidogo kwa sababu ya kile kiraka fundi wa jua kali alichokigongea chini, kile ulichogombana naye mpaka akakiongezea misumari. Nikamwomba Mama Junior niiepue naye. Ubavuni, mahali pa unyayo, palikuwa pamesuguliwa na tupa. Pameng'aa kama kovu. Nikasema sawa, mwizi yeyote angefanya hivyo. Kisha, mkono ulipopoa, nikapitisha kidole chini yake.

Hapo pia pamesuguliwa.

Nani angejua kusugua hapo? Okiru hajui. Mzee Osia hajui. Hata Mama mdogo hajui. Afadhali ningeikuta ile alama ndogo bado ipo. Ningefurahi, ningepiga kelele, ningeita polisi. Lakini haikuwepo, na kwa kutokuwepo kwake nikamjua aliyeiondoa.

Nikamuuliza Mama Junior aliipata wapi. Akaniambia bila kuficha, maskini, hakujua kitu. "Ni kijana mmoja mpole tu. Alisema ni ya mamake marehemu. Dada, huyo mtoto alilia hapa, hata nikamkaribisha chai."

Alilia, Mama. Nami naamini alilia kweli. Hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa amecheka ningejua namna ya kumchukia.

Nilirudi nyumbani na njugu zangu nusu hazijauzwa, nikiwaza nitamshika pembeni, nitamtandika na mwiko, tutarudisha sufuria kimyakimya, kijiji kisijue. Nilitaka kukulinda. Nilisikia sauti yako ikisema, "Mambo ya nyumba ni ya nyumba." Lakini nilipofika Adungosi nikakuta watu wamejaa kwa mzee Osia. Walikuwa wamemshika Okiru kwenye steji ya boda wakamleta hapo, pikipiki yake imelazwa chini, mdomo umevimba. Mzee anapiga fimbo chini anasema ngojeni, ngojeni. Hawakuwa watu wa kungoja. Mmoja alikuwa ameshabeba tairi begani, ananywa maji kama mtu anayeenda shamba.

Na Emase alikuwepo. Amesimama nyuma, mikono kifuani. Nilimwangalia. Nilimpa nafasi, Mama, Mungu ni shahidi. Nilimwangalia mpaka akaangalia viatu vyake.

Basi nikasema. Nilisema sufuria iko Malaba nimeishika na mikono yangu. Nikaeleza alama ya nje, nikaeleza alama ya ndani, kwamba tulioijua ni watatu na mmoja tumemzika. Sikulazimika kumalizia, lakini nilimalizia: mwizi ni ndugu yangu. Watu waligeuka wenyewe. Mama mdogo akapiga yowe, "Skola! Unamuuza mtoto wa mamako?" Nikamjibu, "Simuuzi. Nyinyi mlitaka kumchoma mtoto wa mama mwingine." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Neema alianza kulia mgongoni, nami nikasonga nikasimama mbele ya ndugu yangu, nikawaambia wale vijana, anayetaka kumgusa aanze na mimi na huyu mtoto. Yule wa tairi akalitua polepole, kama amekumbuka ana kazi nyumbani.

Emase alisema neno moja tu. Alisema, "Kamari." Ile ya kwenye simu. Akakaa chini kwenye vumbi.

Mzee Osia alitaka kuandika masharti mengi. Mimi niliomba mawili. Kwanza, Emase aende akamfanyie Mama Junior kazi, achote maji na kuosha vyombo, mpaka yule mama aridhike kuiachilia sufuria, maana naye ameonewa. Pili, ikitoka, isije kwa gari wala boda. Aivae kichwani, mchana, apite nayo njia yote uliyopita wewe.

Jana ameileta. Watoto walimwona tangu barabarani, wakaanza kuimba kofia, kofia, bila kujua wimbo huo ni wako. Alipofika kwa Okiru akaitua langoni, akasimama. Okiru, ambaye jino lake moja limeenda na sitaki kusema mengi juu ya hilo, alikuwa anaosha pikipiki. Akamwangalia weee. Kisha akamwambia, "Boss, hiyo kitu ni nzito. Leta nikufikishie." Emase akatikisa kichwa. "Nimeambiwa kwa kichwa." Akaibeba tena. Okiru akarudi kwenye matope yake. Hawakupeana mkono. Nakuambia kama ilivyokuwa, sitaki kukudanganya kwamba yameisha.

Sasa nyumba yako ina kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu pamoja na rozari yako, na Emase hana wake. Aliniomba leo asubuhi, akaniita dada kwa ile sauti yake ya utotoni. Nilimwambia hapana. Chakula namwekea, anakula hapa kizingitini, mahali ninapokuandikia, na nguo zake nafua na za Neema. Lakini ndani haingii nisipokuwepo. Najua ingekuuma. Inaniuma mimi. Nimelia nikiwa nafua.

Na tumekubaliana na majirani, msiba ukitokea tena, mtu mmoja wa mbali na ukoo anabaki nyumbani wakati wa kuzika. Mlango unabaki wazi kama mnavyotaka nyinyi wazee, lakini kuna mtu anakaa hapo. Wa kwanza kujitolea alikuwa Okiru. Baadhi walicheka. Mzee Osia hakucheka, akasema ameandikwa.

Lala, Mama. Sufuria itaendelea kwenda kwa kila aliyefiwa, hilo nakuahidi, hata kwa wale waliobeba tairi. Nitaipeleka mwenyewe na kuirudisha mwenyewe. Nimeichora upya na msumari wako, unyayo mkubwa ubavuni kwa ajili ya majirani. Na ule mdogo nimeuweka mahali pengine. Sitaandika wapi, maana Emase anajua kusoma. Jioni nitakuja na Neema pale kaburini, kwenye maua yako, nikwambie kwa mdomo.

Siku nikimshika mkono Emase nikampapasisha pale ulipo unyayo mdogo, ujue mtoto wako amerudi nyumbani.

Mimi wako,
Skola