Alama Mia za Siku Ile

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai kifua kimekuachia na sasa unalala vizuri. Mimi mzima wa mwili. Kichwa changu ndicho sikielewi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ningekata kabla sijafika katikati, unanijua. Mdogo wangu yuko hapa kwangu tangu ulipomfukuza kwa ajili ya ile ajali. Analala kwenye zulia, na kula anakula.

Huwa unaniuliza nafanya kazi gani hasa kutwa nzima mbele ya kompyuta. Basi ni hii: tumetengeneza programu ya simu ya kuwazoesha vijana kuendesha gari kwa usalama. Simu inakaa ndani ya gari na kuhisi mwendo. Ukikimbiza gari, alama zinapungua. Ukifunga breki ghafla, zinapungua tano, maana tulidhani anayefunga breki hivyo ni yule aliyekuwa anakimbia au anachezea simu. Jioni kila mmoja anaona nani anaongoza. Vijana mia mbili walikuwa wanaijaribu, na aliyeongoza siku arobaini na moja mfululizo ni mdogo wangu, huyo huyo unayemwita Kichwa Maji. Mpaka nikamtania kwamba anaendesha kama amepakia mayai.

Sasa hiyo ajali. Wewe ulisema alikuwa anakimbiza gari lako. Nilitaka kumtetea, nikafungua kumbukumbu za simu yake za asubuhi ile. Hakuwa anakimbia, Baba. Alikuwa mwendo wa thelathini. Nikafurahi. Halafu nikatazama breki, nikachanganyikiwa kabisa. Yule mzee fundi viatu alipojitokeza ghafla na baiskeli yake, kijana alikanyaga breki polepole, polepole, mpaka akamgonga. Jioni programu yangu ikampa alama zote mia na kumwandikia hongera. Jamani! Mzee wa watu yuko hospitali, mguu umevunjika, na mimi nampongeza aliyemgonga! Bosi anasema ni kasoro ndogo ya hesabu, tuirekebishe kimya kimya. Sijui ni ya hesabu au ni yangu. Nashika hili, naachia lile, sipati usingizi.

Lililobaki nalisema kwa aibu. Wiki moja kabla ya ajali, mdogo wangu alinipigia akauliza: mtu akikatiza ghafla mbele yake, naye akafunga breki kwa nguvu, alama zitakatwa? Nilikuwa na haraka. Nikamjibu kwamba zitakatwa, na kwamba dereva mzuri hafiki huko. Nikakata simu.

Siku unamfukuza ulimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba, alisikia. Mkuu mwenyewe nilikuwa mimi, na guu lililovunjika ni la fundi.

Jana nilimbana aniambie kwa nini hakukueleza kwamba alifuata maneno yangu. Akasema yeye umeshazoea kuudhika naye, lakini mimi ndiye mtoto unayejivunia mbele za watu, asingeweza kukunyang'anya hilo. Nimelia sana, Baba.

Msalimie shangazi na wote hapo nyumbani. Ukienda hospitali, mwambie fundi nakuja Jumamosi kumweleza kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisha tutakuja hapo nyumbani wawili. Ikiwa hasira bado ipo na mlango utaufungua kwa mmoja tu, mpokee yeye. Mimi nitakaa nje.

Ni mimi,
mwanao mkubwa